Maji ya Januari yabaki nyumbani: namna ya kupanga uwanja wa nyumba Dodoma

Ukuta wangu wa fensi kule Ntyuka ulianguka usiku wa mvua, mwaka wa kwanza tu tangu nihamie. Mita saba za tofali zililala kwenye mchicha wa jirani wa chini. Asubuhi nikaenda kumwomba radhi. Hakugomba. Alisema tu, "Baba, maji yako yalitutembelea jana, na wala hayakupiga hodi." Nilitaka kubisha kwamba mvua ni ya Mungu, lakini nilipogeuka kutazama nilikotoka nikanyamaza. Yalikuwa maji yangu kweli. Yalishuka kwenye bati langu, yakateleza kwenye zege nililomwaga uwanja mzima ili gari lisipate tope, yakakusanyika kwenye kona ya ukuta usio na tundu hata moja. Septemba ya mwaka huohuo nilikuwa nimesimama getini nasubiri boza.

Mji wetu hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa vipindi vichache vya nguvu. Kisha miezi saba vumbi. Kwa hiyo nyumba ileile inayoyafukuza maji Januari huyanunua kwa dumu ikifika Oktoba. Mpango ninaoueleza hapa una nia moja: kiwanja kinywe maji kadiri kinavyoweza, na yanayozidi yatoke polepole kwa mlango uliouchagua wewe. Nimeupanga kwa hatua, ila hatua nyingine ni za dakika kumi na nyingine zitakula wikiendi tatu.

Hatua ya 1: Toka nje mvua ikinyesha

Vaa koti la mvua, chukua mwamvuli na fungu la vijiti. Usibaki dirishani. Tembea kiwanja chote, uchomeke kijiti kila unapoona maji yanaingia kutoka kwa jirani wa juu, yanapokusanyika, yanapokimbia na yanapotokea. Mvua ikikatika, chora ramani kwenye karatasi: nyumba, choo, septiki, miti, geti, na mishale ya maji. Ramani yangu ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko ya mtoto wa chekechea, na bado ndiyo iliyonionyesha kwamba theluthi ya maji yaliyokuwa yakinisumbua hayakutoka kwangu. Yalitoka njiani, yakiingilia chini ya geti.

Kama unasoma haya kiangazi, soma alama. Nyasi na mifuko iliyonasa kwenye waya huonyesha kimo cha maji. Mistari ya mchanga mweupe uliochujwa huonyesha njia zake. Mizizi ya mti iliyobaki wazi, au msingi wa nyumba unaoonekana sentimita kumi zaidi ya siku ulipojengwa, ni udongo uliokwishasafiri.

Hatua ya 2: Hesabu kidogo

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Hesabu ni hiyo tu. Kiwanja cha mita za mraba 600 kikipigwa na mvua ya milimita 30, ambayo hapa si ajabu kunyesha katika alasiri moja, kimepokea lita 18,000. Ni dumu 900 za lita 20. Bati la mita za mraba 120, ukitoa yanayoruka pembeni na kukauka, hutoa lita 3,000 hivi kutokana na mvua hiyohiyo. Kwa mwaka mzima bati hilo linakupa zaidi ya lita 55,000.

Piga hesabu ya bati lako, kisha ya sehemu zenye zege na pevingi. Andika pembeni ya ramani. Utazihitaji kwenye hatua ya 7, ya bakuli la kunyonya maji.

Hatua ya 3: Jaribu udongo

Chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 30 mahali unapodhani maji yatapumzika. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uchomeke rula. Yakishuka sentimita 2 na nusu au zaidi kwa saa, udongo wako unakunywa vizuri. Yakishuka nusu sentimita, panga maeneo mapana na ya kina kifupi, usichimbe mashimo marefu.

Miteremkoni udongo wetu mwingi ni mwekundu wenye mchanga, na ukichimbwa hunywa vizuri. Tatizo lake liko juu kabisa: matone ya kwanza ya mvua yakipiga udongo ulio uchi, chembe ndogo huziba vinyweleo na kufanya utando mgumu kama ukoko wa ugali. Chini yake kumekauka, juu maji yanakimbia. Mabondeni ni habari nyingine. Kule kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kama nyumba yako iko juu ya udongo huo, usinyonyeshe maji karibu na msingi hata kidogo. Yavute mbali, yaende pembeni ya kiwanja, kwa sababu kuvimba na kusinyaa kwake ndiko kunakopasua kuta nyingi.

Unaweza kuuliza kama mvua hizi za fujo zina faida yoyote kwa maji ya ardhini. Zina faida kubwa. Kumbukumbu za miaka 55 za visima vya Makutupora, ambavyo mji huu umevitegemea kwa miongo mingi, zilichambuliwa na watafiti, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kwamba hifadhi ile ya maji ya ardhini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida. Manyunyu huishia juu na kurudi hewani. Ndiyo kusema, maji unayoyalaani ndiyo yanayofika chini.

Hatua ya 4: Ufagio

Hapa nitagombana na mama yangu mzazi. Sisi tunafagia uwanja. Alfajiri, kabla ya chai, ufagio wa chelewa umeshapita, na mgeni akikuta alama za ufagio mchangani anajua amefika kwa watu. Lakini uwanja uliofagiwa miaka mitano ni sawa na bati lililolazwa chini. Kila asubuhi unaondoa majani, vijiti na udongo laini wa juu, na kinachobaki kinashindiliwa na nyayo.

Sisemi uache nyumba iote pori. Nyoka na nge ni wa kweli, na watoto wanacheza. Nilichofanya ni kugawa. Mita tatu au nne kuzunguka nyumba na njia za kupita zinafagiwa kama kawaida. Sehemu zilizobaki hazifagiwi: nimeacha ukoka utambae, na chini ya miti natandaza majani makavu na mabua ya mtama. Takataka za ufagio, zile za majani, hazichomwi, zinapelekwa huko. Msimu wa pili ule utando mgumu ulikuwa umevunjika, mchwa na minyoo wamefanya kazi ya jembe. Mama alikuja, akatazama, akasema kwetu sasa kunafanana na shamba la mtu mvivu. Amezoea.

Mkoa huu unajua somo hili kwa uchungu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye vilima vilivyoliwa na makorongo kule Kondoa. Nyasi na vichaka vikarudi. Mimi sikubaliani na kila namna watu walivyohamishiwa mifugo yao, lakini kilichotokea ardhini kilionekana kwa macho.

Hatua ya 5: Bati, gata na tanki

Hii wengi mnaijua, nitapita haraka. Gata iteremke nusu sentimita kwa kila mita. Maji ya mvua za mwanzo yamebeba vumbi la miezi saba na vinyesi vya ndege, hivyo weka tawi la bomba lenye kifuniko chini ili lita 60 hadi 120 za kwanza zimwagike kabla ya kuingia tankini. Ziba mdomo wa tanki kwa wavu, mbu wasizaliane.

Ila kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaliulizi: tanki likijaa, maji yanakwenda wapi? Tanki la lita 5,000 linajazwa na milimita 50 tu za mvua juu ya bati letu la mfano. Mvua mbili na limefurika. Nimeona matanki mazuri yenye bomba la kumwagia linaloishia palepale kwenye kitako cha tanki, likichimba msingi wake lenyewe. Bomba hilo liunganishe na mfereji unaopeleka maji kwenye bakuli la hatua ya 7.

Hatua ya 6: Maji yaiache nyumba, kisha yazuiwe

Anza na nyumba. Mita tatu za kwanza kuizunguka ziteremke kwenda nje kwa sentimita 5 kila mita, yaani ukifika mita ya tatu uwe umeshuka sentimita 15. Jaza moramu au udongo na ushindilie. Kazi hii ikiharibika, mengine yote ni mapambo.

Baada ya hapo ndipo tunaanza kuyazuia, kwa makinga maji. Wakulima wa hapa wanayajua: mtaro unaofuata kontua, yaani mstari unaokatiza mteremko kwa usawa mmoja, na tuta pembeni yake. Ukitupa udongo upande wa juu ni fanya juu, ukiutupa upande wa chini ni fanya chini. Kwa uwanja wa nyumba napendelea fanya chini, kwa sababu udongo hausukumwi kupanda na tuta linakaa kama ukingo wa sinia. Upana sentimita 40 hadi 50, kina 30, tuta la kimo cha 30.

Kitu kimoja hakina mjadala: mtaro uwe sawa, usielekee upande wowote. Ukiinama, umechimba korongo kwa mikono yako. Usipime kwa macho, macho ya mteremkoni hudanganya. Tumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule wa mafundi wa kupimia levo. Funga kila ncha kwenye fito yenye alama za sentimita, jaza maji, toa mapovu, na msogee watu wawili mkichomeka vijiti kila mita mbili mahali maji yanaposoma sawa. Mistari itapinda. Iache ipinde, ndivyo ardhi ilivyo.

Kila tuta liwe na mlango wa maji: sehemu ya nusu mita iliyoshushwa sentimita 10 kuliko tuta lote na kutandikwa mawe. Mawe Dodoma hayanunuliwi mbali. Milango isifuatane mstari mmoja; wa juu ukiwa kulia, wa chini uwe kushoto, maji yalazimike kutembea.

Kuhusu wakati wa kuchimba: watu hukumbuka mifereji Novemba, ardhi ikiwa kama sakafu na kibarua anadai bei ya kuvunja mwamba. Chimba Mei, unyevu ungali chini.

Hatua ya 7: Bakuli la kunyonya maji

Ni bustani iliyozama kidogo badala ya kuinuka. Tumezoea kuinua vitanda vya maua na kuvizungushia tofali, kisha tunavimwagilia kwa maji ya kununua huku mvua ikivikwepa pembeni. Geuza.

Tuseme nusu ya bati lako, mita za mraba 60, inamwaga upande mmoja. Mvua ya milimita 30 italeta lita 1,500 hivi, ambazo ni mita za ujazo 1.5. Bakuli la mita za mraba 10 lenye kina cha sentimita 15 linazimeza zote. Lichimbe lenye sakafu ya usawa, legeza udongo wa chini kwa sururu sentimita 30 zaidi, changanya na samadi iliyooza, na usikanyage tena. Maji yanapoingilia weka mawe, yavunje nguvu. Upande wa chini weka mlango wa mawe kama kwenye tuta.

Mahali pake: si chini ya mita 3 kutoka kwenye msingi, na ukiwa na nafasi fanya 5. Kamwe lisiwe juu ya septiki wala soka piti, lile shimo linalonyonya maji machafu ya septiki, na lisiwe upande wa juu wa mteremko wa mashimo hayo, maana utayajaza kwa chini kwa chini halafu ushangae choo hakishuki. Maji yaishe ndani ya siku moja au mbili. Mbu anahitaji karibu wiki nzima kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo dimbwi la siku mbili halimfai. Yakikaa siku nne, punguza kina na ongeza upana.

Kwenye mimea nilikosea mara mbili. Nilipanda mpapai katikati ya bakuli, ukaoza mizizi Februari. Mpapai haupendi miguu majini, na mzabibu vilevile. Hiyo ipande juu ya tuta, inywe kutoka pembeni. Ndani ya bakuli panafaa mgomba, na mpera wangu unastawi humo. Juu ya matuta napanda mchaichai, unashika udongo na kuingia kwenye chai. Vetiva, nyasi ndefu za mafungu, ni bora zaidi kwa kushika, mizizi yake huzama chini badala ya kutambaa, lakini hainywewi. Mwarobaini ni mti mzuri wa kivuli, ila uweke mbali na septiki na ukuta. Na kama kiwanja kina visiki vya migunga vinavyochipua, usiving'oe: chagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, kata mengine, ulinde yasiliwe na mbuzi. Ndiyo kisiki hai, na mti wa namna hiyo hukua haraka kuliko mche wa kununua kwa sababu mizizi ipo tayari.

Hatua ya 8: Pa kuegesha gari

Nililivunja lile zege. Iliniuma, nililipia saruji. Badala yake kuna njia mbili za matairi, kila moja upana wa sentimita 60, na katikati ukoka. Ukitaka pevingi, zilaze juu ya mchanga na kokoto, uache nafasi kati yake na kuijaza kokoto ndogo. Mtu akikuambia azibe kwa saruji ili majani yasiote, amekuuzia bati jingine.

Hatua ya 9: Ukuta

Maji yakisimama nusu mita nyuma ya ukuta, kila mita moja ya urefu wake inasukumwa kwa uzito wa kilo 125 hivi, na udongo uliolowa huongeza wake. Ukuta wa tofali wa kuzuia wezi haukujengwa kwa mzigo huo. Acha matundu kwenye mstari wa chini, mahali kijiti chako kilipoonyesha, upana wa tofali zima, na uweke nondo kuzuia panya na vibaka. Upande wa ndani rundika kokoto kama chujio. Nje ya tundu weka mawe.

Kabla hujatoboa, ongea na jirani wa chini. Sio barua, ni kwenda kukaa naye. Mimi na yule wa mchicha tulikubaliana tundu langu liangukie kwenye mtaro wake wa migomba, na sasa mwaka ukiwa mkavu ananiuliza mbona simpelekei. Msiposikilizana, mwenyekiti wa mtaa yupo.

Hatua ya 10: Korongo na barabara

Kama kando ya kiwanja kuna korongo linaloanza, usilijaze takataka. Maji yatazizunguka na kula ukingo. Panga vizuizi vya mawe kuvuka korongo, ukianzia juu, kila kimoja kisizidi kimo cha goti, katikati pawe pamezama ili maji yapite hapo na si pembeni. Kipimo cha umbali: kilele cha kizuizi cha chini kiwe sawa na kitako cha kizuizi cha juu. Korongo likizidi kimo chako, hilo si la wikiendi, wapelekee halmashauri. Na kama unanunua kiwanja karibu na mto, hata ule wa mchanga unaopita maji siku chache kwa mwaka, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Mto mkavu si barabara.

Mfereji wa barabarani mbele ya geti lako usiuzibe kwa kifusi ili gari liingie. Weka kalavati la kutosha mkono na chepe kupita, maana lazima litazolewa. Maji tunayoyaachia huku yakijikusanya huingia Kinyasungwe, na mto huo ndio unaopita Gulwe na Kidete, ambako mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli ya kati.

Hatua ya 11: Kila mwaka

Novemba: safisha gata, zoa milango ya mawe, rudishia matuta yaliyokanyagwa na ng'ombe au watoto. Baada ya mvua kubwa ya kwanza tembea tena na vijiti. Maji hujua kasoro zako kabla yako. Aprili: tandaza majani makavu kabla jua halijakausha unyevu.

Mwanzoni mwa mtaro wangu wa kwanza nilichimba kishimo cha nusu mita cha kunasia mchanga kabla haujafika kwenye bakuli. Kila msimu nazoa toroli tano sita. Nauchekecha, na lipu ya ule ukuta mpya imetoka humo.